Bunduki Kubwa na Kiapo cha Lokiriama

Vijana wa kila kizazi huwa na hoja moja ya kutafuta silaha nzito, nayo wameipata katika methali: dawa ya moto ni moto. Jirani ana mkuki, basi mimi nitafute gobore. Akipata gobore, nitafute bunduki ya kisasa. Akipata inayomimina risasi, nitauza ng'ombe nipate inayomimina zaidi. Methali hiyo ni ya wahenga kweli. Lakini wahenga hao hao walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu uchungu. Anayeishika ya kwanza na kuiacha ya pili amechukua nusu ya busara, na nusu hiyo imezika watu wengi katika nchi kavu iliyo mpakani mwa Uganda na Kenya. Naitaja Karamoja na Turkana kwa sababu huko hoja ya bunduki kubwa imejaribiwa kwa zaidi ya miaka mia moja, tena na watu jasiri wasiodharaulika hata kidogo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, soko la Maji, kusini-magharibi mwa Ethiopia, lilikuwa mahali pa kubadilishana pembe za ndovu na bunduki. Miongoni mwa zilizozagaa Ethiopia wakati huo ni Gras ya Kifaransa, yenye mtutu wa milimita 11, inayofyatua risasi moja kisha unapakia tena. Waturkana walizipata bunduki za namna hiyo na kupambana nazo na Waingereza kwa miaka. Mwaka 1918 wakoloni waliwapiga kwa kikosi kikubwa, wakachukua silaha zao na mifugo yao kwa maelfu. Majirani zao wa upande wa Ethiopia walibaki na bunduki mkononi. Jambo hilo tulikumbuke, kwa maana hofu ya kubaki mikono mitupu mbele ya jirani mwenye silaha si upuuzi wala si tamaa. Ina historia, na serikali ndizo zilizoipanda.

Miaka ya 1970 mafundi wa Karamoja walikuwa wakitengeneza bunduki zao wenyewe kwa mabomba ya chuma. Zilikuwa duni, lakini zilimshinda mwenye mkuki. Kisha ikaja 1979. Idi Amin alipoangushwa, askari wake waliikimbia kambi ya mji wa Moroto, huko Karamoja, na kuliacha ghala la silaha. Wamatheniko, Wakaramojong wanaoishi jirani na mji huo, ndio waliofaidika zaidi. Kwa muda mfupi watu waliokuwa na mikuki na bunduki za mabomba walikuwa na silaha za jeshi.

Hapa kuna jambo ambalo wapenda bunduki kubwa hulipita haraka. Mtutu wa Kalashnikov ni wa milimita 7.62, mwembamba kuliko ule wa Gras ya babu zao. Kilichoongezeka si unene wa risasi. Ni risasi 30 ndani ya magazini moja, na wepesi wa kuua watu wengi kabla hata mmoja wao hajapata nafasi ya kukimbia, kusalimu amri au kuomba maji. Katika vita vya mikuki kulikuwa na nafasi hiyo. Mtu aliuona uso wa anayemuua, na aliporudi nyumbani alitakaswa kabla ya kukaa na watu, kwa kuwa damu ya mtu ilikuwa mzigo.

Usalama ulioahidiwa na bunduki mpya ulidumu kwa nani? Mwaka 1980 Karamoja ilikumbwa na njaa ambayo haijasahaulika. Ukame ulikuwapo, lakini ukame si mgeni huko. Jipya lilikuwa kwamba wenye bunduki waliwanyang'anya wasio nazo ng'ombe wao, wakiwamo Wabokora, ambao ni Wakaramojong wenzao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1981 ulikadiria kuwa katika njaa hiyo alikufa takriban mtu mmoja katika kila watano, na watoto wachanga zaidi ya nusu. Mimi kila nikiifikiria hesabu hiyo nashindwa kusikiliza tena hoja ya kwamba silaha kali humlinda mnyonge. Mnyonge ndiye aliyeipata mwisho, baada ya kumaliza kuzika.

Na alipoipata, bei ilikuwa imeshuka. Taarifa za kampeni ya kudhibiti silaha ya mwaka 2006 zilieleza kuwa huko Kolowa, katika nchi ya Wapokot nchini Kenya, Kalashnikov moja ilinunuliwa kwa ng'ombe 15 mwaka 1986, na kufikia 2005 kwa ng'ombe wanne. Kila mwenye zizi dogo angeweza kuwa nayo. Kwa hiyo hakuna aliyebaki na nguvu kuliko mwenzake. Wote walirudi palepale, ila sasa makaburi yalikuwa mengi zaidi na mazizi matupu.

Kilichoumia kuliko vyote ni neno la wazee. Zamani safari ya kuteka ng'ombe ilihitaji mikuki mingi, na mikuki mingi ilihitaji vijana wengi, na vijana wengi hawakuondoka bila baraka ya baraza la wazee, ambalo Wakaramojong huliita akiriket. Mzee aliweza kukataa. Bunduki iliondoa haja ya idadi. Vijana watano waliweza kutoka usiku bila kumuaga mtu, na asubuhi wakawa wameanzisha vita ambavyo ukoo mzima ungevilipa. Wengine waliteka ili wauze, ng'ombe wakapakiwa kwenye malori kabla wenyewe hawajafuata nyayo. Tunasema penye wazee haliharibiki neno, lakini methali hiyo inataka wazee wapate kusikilizwa.

Sasa tuitazame Lokiriama. Ni mahali padogo magharibi mwa Turkana, karibu na mpaka wa Uganda. Mwezi Desemba 1973, miaka sita kabla ya ghala la Moroto kufunguka, wazee wa Waturkana na wa Wamatheniko walikutana hapo wakaapa amani na kuzifukia silaha ardhini. Fikiria kilichofuata. Wamatheniko hao hao ndio walioamka mwaka 1979 wakiwa na shehena kubwa ya bunduki kuliko majirani zao wote. Kama dawa ya moto ingekuwa moto peke yake, Waturkana wangekuwa wa kwanza kuchomwa. Lakini kiapo kile, kwa sehemu kubwa, kilisimama, na hadi leo watu hukusanyika Lokiriama kukikumbuka. Bunduki zilizidi na kiapo kikazishinda.

Sitaki kuwapamba wazee wa 1973. Amani yao ilikuwa ya pande mbili tu, na yapo makabila mengine yaliyoumizwa na marafiki hao wawili wakiwa pamoja. Wabokora hawakuwamo ndani ya kiapo, na walilipa. Udhaifu wa Lokiriama ulikuwa udogo wa duara lake.

Serikali nazo zimetumia nguvu zaidi. Uganda ilianza kukusanya silaha Karamoja mwishoni mwa 2001, na waliozitoa mapema walivamiwa na majirani waliobaki nazo. Nchini Kenya, mwezi Novemba 2012, polisi zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta wakifuatilia ng'ombe walioibwa. Mwaka 2021 Uganda ilianza operesheni nyingine iliyopewa jina la Usalama kwa Wote, na mwezi Mei 2023 Rais Museveni aliwapa wafugaji wa Turkana miezi sita waache kuingia Uganda na silaha, la sivyo wafukuzwe. Amri hiyo iligusa malisho na maji ambayo kiapo cha Lokiriama kilikuwa kimeyafungua kwa pande zote mbili.

Kama Kampala na Nairobi zinataka bunduki ziwekwe chini, zikusanye pande zote za mpaka kwa wakati mmoja, Karamoja na Turkana, na Upokot pia. Kabla ya askari kufika, wazee wa kila upande na akina mama waliozika watoto wakae kwanza wakubaliane ng'ombe gani warudi kwa nani, na Wabokora safari hii wawemo barazani tangu siku ya kwanza.