Enzi ya Nchi na Ukimya wa Jirani

Mtu akisikia kilio usiku katika nyumba ya jirani, ana njia mbili mbele yake, na zote mbili zina lawama. Akivunja mlango ataitwa mjeuri aliyeingia pasipo ruhusa. Akibaki kitandani ataitwa mtu asiye na huruma. Wazee walisema kwamba nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Methali hiyo yatuonya tusihukumu upesi, lakini haikutuamuru tuzibe masikio. Nataka kulitazama swali hili katika nyumba iliyo kubwa zaidi, yaani dola, na kwa mfano wa taifa moja kubwa ambalo kwa zaidi ya miaka 70 limetangaza kuwa kutoingilia mambo ya wengine ni nguzo ya siasa yake ya nje. Taifa hilo ni China.

Kanuni hiyo haikuzaliwa katika kasri la mshindi. Zhou Enlai aliitamka mwishoni mwa mwaka 1953 alipozungumza na wajumbe wa India, ikaandikwa katika dibaji ya mkataba wa tarehe 29 Aprili 1954 juu ya biashara kati ya India na Tibet. Kanuni zilikuwa tano: kuheshimiana katika mipaka na enzi, kutoshambuliana, kutoingiliana katika mambo ya ndani, usawa na manufaa ya pande zote, na kuishi pamoja kwa amani. China ya wakati ule ilikuwa na sababu ya kweli ya kuzipenda. Iliukumbuka Mkataba wa Nanjing wa 1842, ulioipokonya Hong Kong baada ya vita vilivyopiganwa kwa ajili ya biashara ya kasumba. Na hata kiti chake katika Umoja wa Mataifa kilikaliwa na serikali ya Taiwan mpaka mwaka 1971. Aliyevunjiwa mlango mara nyingi huijua thamani ya komeo.

Nchi 29 za Asia na Afrika zilipokutana Bandung mwaka 1955, maneno hayo yalipata wasikilizaji waliokuwa na kiu nayo. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna haki ya kuyadharau. Mataifa ya Magharibi yalipokataa kuijenga reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, China ilitoa mkopo usio na riba, na kati ya mwaka 1970 na 1975 zikatandikwa kilomita 1,860 za njia. Mpewa aliyeachwa na heshima yake hasahau upesi, wala si vema asahau.

Walakini kanuni hupimwa siku inapomgharimu mwenyewe. Mkataba ule wa 1954 ulikuwa haujatimiza miaka tisa wakati majeshi ya China na ya India yalipopigana katika milima ya Himalaya, mwezi Oktoba na Novemba 1962. Mtu aweza kusema kwamba ule ulikuwa ugomvi wa mpaka, na ugomvi wa mpaka hauna mwalimu. Mimi naona mwaka 1979 una somo zito zaidi, maana matukio mawili yaliyofanana yalitokea karibu kwa wakati mmoja, moja huko Asia na moja hapa kwetu.

Vietnam iliingia Kambodia Desemba 1978, na tarehe 7 Januari 1979 ikauangusha utawala wa Pol Pot, ambao ulikuwa umewaangamiza raia wake wenyewe zaidi ya milioni moja. Tanzania nayo, baada ya kushambuliwa Kagera mwezi Oktoba 1978, iliyafukuza majeshi ya Idi Amin mpaka Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Katika kila upande mlango ulivunjwa na jirani aliyechokozwa, na ndani ya kila nyumba kulikuwa na muuaji. China ilifanyaje? Tarehe 17 Februari 1979 ilituma majeshi yake ndani ya Vietnam, ikayaondoa karibu mwezi mmoja baadaye. Na kwa miaka iliyofuata ikaunga mkono kwamba kiti cha Kambodia katika Umoja wa Mataifa kikaliwe na upande ulioangushwa. Basi mwenye kukataza kuvunja milango alivunja mlango ili kumwadhibu mvunja mlango, na nyumba iliyotetewa ilikuwa ile ya muuaji.

Lakini tusiione China peke yake. Viongozi wa Afrika walipokutana Monrovia Julai 1979, wako walioilaumu Tanzania kwa jina la kanuni ile ile. Jambo linalonivuta hapa ni jibu la Nyerere. Hakudai haki ya kuwaokoa Waganda. Alieleza kwamba Tanzania ilijilinda, na kwamba vita vya kumwondoa Amin vilikuwa vita vya Waganda wenyewe. Wengi wameliona jibu hilo kuwa ujanja wa kisheria. Mimi naliona kuwa la busara kuliko kitendo chenyewe. Alijua kwamba tendo moja jema laweza kusamehewa, ilhali ruhusa itokanayo nalo hudumu, ikachukuliwa kesho na mtu mwingine mwenye nia nyingine. Aliyevunja mlango alikataa kukusifu kuvunja.

Ruhusa hiyo ilionekana nchini Libya. Tarehe 17 Machi 2011 Baraza la Usalama liliruhusu hatua zote za lazima za kuwalinda raia. China haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Ulinzi wa raia ukageuka kuwa kuiangusha serikali, na baada ya Gaddafi wenye silaha wakagawana nchi. Hofu ya Beijing, kwa hiyo, haikuwa ya bure.

Hata hivyo yabaki swali ambalo hofu hiyo hailijibu: ni nani aliye nje? Vita vilipowaka Darfur mwaka 2003, kampuni ya mafuta ya dola ya China ilikuwa tayari ina hisa kubwa katika visima vya Sudan. Mwenye kununua mafuta ya serikali inayopigana hawezi kusema kwamba amesimama barabarani. Ameketi sebuleni, na kimya chake kina upande. China yenyewe ilikuja kuliona jambo hili, ingawa haikulitamka. Mwaka 2007 ilisaidia kuishawishi Khartoum ikubali jeshi la kulinda amani, ikapeleka wahandisi wake Darfur. Mwaka 2015 ilipeleka kikosi cha askari wa miguu 700 Sudan Kusini, na Julai 2016 wawili wao wakafa Juba. Sisemi haya kwa kejeli. Yaonyesha tu kwamba swali la enzi ni ya nani, ya anayeshika ufunguo au ya wanaolala ndani, haliwezi kukwepwa daima. Umoja wa Afrika ulilijibu kwa maandishi mwaka 2000, katika kifungu cha nne cha katiba yake, ulipojipa haki ya kuingilia palipo na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kuandika kulikuwa rahisi kuliko kutenda.

Nimeliacha la Ukraine nyuma, kwa kuwa halina utata ule wa mengine. Urusi ilipoivamia tarehe 24 Februari 2022, hapakuwa na muuaji wa kuokolewa wala kilio cha ndani. Mlango ulikuwa wa jirani na ulivunjwa mchana. Kanuni ya kwanza kati ya zile tano ilikuwa imesema kila kilichohitajika. Katika Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa, tarehe 2 Machi, nchi 141 ziliilaani Urusi, tano zilipinga, na 35, China ikiwamo, zikajizuia. Mwaka mmoja baadaye China ilitoa hoja 12 za amani, ya kwanza ikiwa ni kuheshimu enzi ya nchi zote. Neno uvamizi halimo. Miongoni mwa majirani zetu, Kenya ilikuwa kati ya zile 141. Tanzania na Uganda, zilizokutana Kagera mwaka 1978, zilikuwa kati ya zile 35.