Usione Vyanawiri

Kinamasi cha Mer Bleue, pembeni mwa jiji la Ottawa nchini Kanada, ni maskini kwa asili. Hakuna mto unaokiletea rutuba. Riziki yake hushuka na mvua. Anayestawi hapo ni sfagnamu, kuvumwani laini isiyo na mizizi, inayofyonza maji na virutubisho kwa majani yake yenyewe. Hukidaka kile kidogo kabla hakijafika chini, huyafanya maji yawe na tindikali, na ikifa haiozi upesi. Mabaki yake yamelaliana kwa zaidi ya miaka 8,000, yakafika kina cha mita tano na zaidi. Udongo huo wa mabaki ndio piti, na humo imefungiwa kaboni ambayo mimea iliivuta kutoka hewani enzi hizo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti, wakiwemo Tim Moore wa Chuo Kikuu cha McGill na Jill Bubier wa Mount Holyoke, walianza kutia mbolea kwenye vipande vidogo vya kinamasi hicho. Walikuwa na sababu. Magari, viwanda na samadi hupeleka naitrojeni angani, nayo hurudi na mvua. Je, mahali palipozoea njaa pakishibishwa, itakuwaje? Dozi ya juu ilikuwa gramu 6.4 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, vipande vingine vikiongezewa fosforasi na potasiamu. Kwa mkulima wa mahindi huo ni mfuko mmoja wa urea na ushei kwa ekari. Wala asingeuona mwingi.

Vichaka viliitikia. Chamaedaphne calyculata, chenye majani magumu yasiyopukutika hata wakati wa theluji, kilirefuka na kushonana na jamaa zake. Aliyesimama kando akatazama angetoa pongezi.

Lakini inama, panua matawi. Palipokuwa na kuvumwani nene iliyoloa maji, sasa kuna majani makavu ya kahawia na piti iliyo wazi. Kuvumwani ilishiba kwanza. Iliposhindwa kudaka zaidi, naitrojeni ikapenya hadi kwenye mizizi ya vichaka, ambavyo siku zote vilikuwa vikiambulia makombo. Vikatanda, vikaitia kuvumwani kivuli, vikaifukia kwa majani yao. Miaka ilivyosonga, penye dozi kubwa sfagnamu ikatoweka, uso wa ardhi ukadidimia na maji yakawa karibu zaidi na juu. Nisivionee vichaka: navyo ni wenyeji wa hapo tangu zamani. Walichobadilishiwa ni mgao.

Hesabu ya kaboni ndiyo inayouma. Majani ya vichaka yalijaa naitrojeni, ila uwezo wake wa kutumia mwanga haukupanda kwa kiwango hicho. Kazi iliyokuwa ikifanywa na kuvumwani ilikosa mrithi, na majani ya vichaka huoza haraka kuliko sfagnamu. Vipande vilivyolishwa zaidi, pamoja na unene wao wote, vikawa vinaweka akiba ndogo ya hewa ukaa kuliko vile vilivyoachwa na njaa yao. Mkaguzi anayepima afya ya kinamasi kwa picha za kutoka angani, akafurahia kijani kilichoongezeka, anaweza kuandika ripoti nzuri ya mahali panapokufa.

Wala tusidhani kichaka ndicho hushinda kila mara. Kwenye kinamasi cha Whim, nchini Scotland, kuanzia 2002 watafiti waliachia amonia, gesi yenye naitrojeni, kutoka kwenye bomba upepo ulipoelekea upande fulani, kama inavyotoka kwenye banda la mifugo. Ndani ya miaka michache tu, karibu na bomba, kichaka cha Calluna vulgaris kilikufa sambamba na sfagnamu. Naitrojeni iliyonyunyizwa ikiwa ndani ya maji haikuleta maafa ya kasi ile. Kwa hiyo anayeomba kibali cha kujenga banda jirani na kinamasi asiulizwe idadi ya kuku peke yake. Aulizwe na upepo wa hapo huvuma kuelekea wapi.