Ujira wa Juma na Mtu wa Katikati



Twasikia mara nyingi watu wakisema, “Katika nchi fulani wafanyakazi hupata fedha nyingi.” Yatupasa kuuliza: wafanyakazi gani? Maana neno hili moja laweza kuwaficha wengi.

Tutwae mfano mdogo. Watu watano wafanya kazi kwa bwana mmoja. Wanne hupata shilingi 20 kila juma, na msimamizi wao hupata 220. Jumla ni shilingi 300. Ukiigawanya sawasawa, utasema kila mtu apata 60. Hesabu yako ni sahihi, lakini neno lako si kweli, kwa kuwa hapana hata mmoja wao apataye 60. Basi, wapange mstari, tangu apataye kidogo hata apataye nyingi, ukamwulize yule wa tatu asimamaye katikati. Atakujibu, “Mimi napata 20.” Huyo amesema kweli juu ya wenzake.

Kwa sababu hiyo wahesabuji wa serikali ya Marekani humtafuta mtu wa katikati. Huwahesabu watu walioajiriwa wafanyao kazi saa 35 au zaidi kwa juma. Mwaka 2023 mwanamume wa katikati alipata dola 1,202 kwa juma, na mwanamke dola 1,005. Yaani kwa kila dola 100 za mwanamume, mwanamke alipata kama 84. Mwaka 1979 alipata 62 tu. Tena, katika mwaka ule wa 2023, kati ya watu wenye miaka 25 na zaidi, asiyemaliza shule ya sekondari alipata dola 708, na mwenye shahada ya kwanza ya chuo kikuu dola 1,493.

Je, tofauti hizi ni uovu? Wengine husema watu wote wapate sawasawa. Wengine husema kila mtu hupata astahilivyo. Nadhani wote wawili wamekosa. Aliyevumilia masomo miaka mingi, au achukuaye mzigo wa kuwaangalia wengine, si vibaya apate zaidi. Lakini ujira ni bei ya kazi, wala si bei ya mtu. Bei hupanda wakiwa wachache waijuao kazi, hushuka wakiwa wengi. Aoshaye wagonjwa mara nyingi hupata kidogo kuliko atunzaye hesabu za benki. Lakini ni nani atakayesema kwamba kazi yake haina faida?

Tena, hata mtu wa katikati hatuambii yote. Rudi kwa wale watano. Bwana akimpunguzia wa kwanza ujira wake, toka 20 hata 5, wa katikati bado atajibu, “Napata 20.” Njaa ya mwenzake haikuigusa hesabu. Huko Marekani sheria ya nchi nzima iliweka mwaka 2009 kima cha chini cha dola 7.25 kwa saa. Kwa saa 40 ni dola 290 kwa juma, ijapokuwa majimbo mengi yameweka zaidi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Naye aishiaye katikati ya mstari hawajui walio nyuma.

Twaukumbuka mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Najua wahusu neema, wala si sheria ya mishahara. Walakini dinari ile ilikuwa riziki ya siku moja, naye aliyeajiriwa mwisho hakurudi nyumbani bila hiyo.

Basi nasi tusizihesabu fedha za mbali tu. Wengi wetu tuna mpishi, au mchunga ng’ombe, au kibarua wa shamba. Tusijiulize kwanza, “Majirani hulipa kiasi gani?” Tuulize hivi: “Huyu aliyenipa juma zima la nguvu zake, je, aweza kuwalisha watoto wake kwa kile nimpacho?” Jibu la swali hilo halimo katika hesabu za serikali yo yote. Limo mkononi mwetu, siku ya kulipa.