Ua na Ua Wake

Kinachochanua juu ya tawi huitwa ua. Uwanja uliozungushiwa makuti nyuma ya nyumba nao ni ua. Na anayeamriwa kukiondolea kiumbe uhai wake huambiwa neno hilo hilo: ua! Sarufi huyatenganisha maneno haya bila ya taabu, kwani la kwanza huwa "ua lake" na wingi wake maua, la pili huwa "ua wake" na wingi wake nyua, na la tatu ni kitenzi. Wanaisimu watasema kwamba huo ni mgongano wa sauti tu, na yamkini ndivyo. Lakini ipo kazi moja ndogo ambayo humkutanisha mwenye kuifanya na maneno yote matatu katika asubuhi moja, nayo ni kazi ya kuchora maua yasiyopandwa na mtu katika ukurasa wa shajara.

Kazi yenyewe ni ya kinyonge. Huhitaji daftari lenye karatasi nene, kisanduku cha rangi za maji, brashi mbili, kopo la maji na gundi. Mwenye kuifanya hupaka, hubandika na huandika, hata ukurasa mmoja ukabeba rangi, kipande cha gazeti, pindo la kitambaa, jani lililokaushwa na maneno machache ya wino. Waliozoea picha za kutundikwa ukutani wataiona kuwa mchezo wa watoto wa shule. Hata hivyo ndani yake mna swali ambalo wenye falsafa hawajalimaliza: kukitazama kitu kwa makini na kukieleza kama kilivyo, ni anasa ya mwenye nafasi, au ni deni?

Penye bustani swali hilo huwa jepesi. Na liulizwe Buguruni. Hapo barabara ya Mandela hukutana na barabara ya Uhuru, soko huamka kabla ya jua, na reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani walianza kuitandika kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914, hupita karibu na milango ya watu. Kinachoota hapo bila ya kupandwa huota kwa kujiibia: baina ya mataruma, ukingoni mwa mtaro, kwenye kifusi cha nyumba iliyobomolewa. Hata jina la "maua mwitu" haliyafai maua hayo, maana hapana mwitu. Watu huyaita majani, au magugu, kisha hupita.

Gugu si aina ya mmea. Ni hukumu ya jembe. Mchunga ulioota katikati ya mahindi ni gugu; mchunga huo huo ukifungwa mafungu na kuwekwa juu ya meza sokoni ni mboga, na uchungu wake husifiwa na wanaojua kuula. Mnavu vivyo hivyo. Mmea haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nia ya mwenye mahali. Na hukumu hii haikomei kwenye mimea. Wafanyabiashara wadogo walipoondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam mwaka 2021, maneno yaliyosikika yalikuwa ya mpangilio na usafi wa jiji. Huenda barabara zilihitaji kupitika kweli. Hilo ni jambo la kujadiliwa kwa hoja. Lakini neno "usafi" lina tabia ya kumaliza mjadala kabla haujaanza, kwa kuwa hakuna anayeutetea uchafu. Jembe nalo halijadiliani na gugu.

Basi na afikiriwe fundi cherehani mmoja wa Buguruni, mwanamke wa makamo, ambaye hushika brashi kabla hajafungua kibanda chake. Jina si lazima. Vitu vya kubandika havimpi shida, kwani chini ya cherehani yake mna vipande vya kanga na vitenge vya kutosha kuvika daftari zima. Ukurasa wake huanza kwa chai ya rangi iliyopoa, aliyoipitisha juu ya karatasi kwa brashi pana ili weupe wa dukani upungue na karatasi ipate sura ya vumbi. Ikikauka, hubandika pembeni kipande cha gazeti kwa gundi ya unga wa ngano, na chini yake ukanda mwembamba wa kanga iliyochakaa. Kisha hutoka kwenda kutazama.

Ua la kwanza analolifuata ni la kongwe, mmea utambaao kwenye unyevu, wenye petali mbili za buluu zilizosimama kama masikio na ya tatu ndogo iliyofifia chini yake. Jina lake hutamkika kama sifa ya kitu kikuukuu, ilhali hapana ua lenye umri mfupi kuliko hilo: hufunguka asubuhi na kabla ya mchana kwisha huwa limenyauka. Mchoraji ana saa chache tu, na hapo neno la tatu huanza kunong'ona. Akilichuma atalipata karibu na jicho, kivulini, kwa raha yake. Lakini ua la kongwe likichumwa hulegea upesi, na buluu yake haistahimili. Wajapani humlima jamaa wa mmea huu, na maji ya petali zake hutumiwa na wapaka rangi wa vitambaa vya kimono kuchorea mistari ya awali, kwa sababu buluu hiyo huondoka yote kitambaa kikioshwa. Rangi iliyomo ndani ya ua, kwa hiyo, si rangi ya kulihifadhi ua. Mwenye kutaka ibaki hana budi kuiazima kwingine, katika kisanduku chake, ambamo rangi imeshikwa kwa gundi ya mgunga, utomvu ambao sehemu kubwa yake duniani hutoka Sudan.

Fundi hachumi. Huchuchumaa kando ya mtaro na kuchora hapo hapo, magoti yakimuuma, wapita njia wakimuuliza amepoteza nini.

Ua la pili ni kishona nguo, na hapa rangi za maji hufundisha jambo ambalo rangi nyingine hazilifundishi. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972 na ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji wa Dar es Salaam, alitumia rangi za mafuta zing'aazo juu ya ubao. Rangi za namna hiyo hufunika. Nyeupe ni rangi kama nyingine, na huwekwa juu ya nyekundu pasipo shida. Rangi ya maji haifuniki. Kishona nguo kina kitovu cha manjano na petali nyeupe, na weupe huo haupakwi: huachwa. Mchoraji hupaka kijani cha majani na kivuli cha ukuta kulizunguka ua, na pale anapojizuia ndipo petali hutokea. Mkono ukiteleza, petali imekwenda, wala hapana cha kuirudisha. Kwa hiyo sehemu ya ukurasa iliyo ng'avu kupita zote ni ile ambayo mchoraji hakuigusa. Wapo wasanii wenye mkono hodari wasioliweza hili maisha yao yote.

Ama mbegu za kishona nguo, vijiti vyeusi vyenye meno nchani, hizo hazihitaji gundi. Fundi huzikuta zimekwisha kushika pindo la kanga aliyoivaa, akazihamishia kwenye ule ukanda wa kanga ukurasani, nazo zikashika. Mmea huu asili yake ni Amerika, kama ulivyo kifauongo, ule ujikunjao ukiguswa. Ulivuka bahari na kushona njia yake hadi Buguruni, mtaa ambao wakaazi wake wengi nao wana simulizi ya mahali walikotoka. Mbigili, wenye ua dogo la manjano na mwiba utoboao tairi la baiskeli, ni wa upande huu wa dunia. Jembe halikuwahi kuuliza yupi mwenyeji na yupi mgeni.

Itasemwa kwamba maua ya Afrika ya Mashariki yamekwisha kuchorwa, tena kwa ustadi mkubwa. Ni kweli. Joy Adamson, kabla hajajulikana kwa habari za simba, aliyachora maua ya Kenya kwa rangi za maji katika miaka ya 1940, na kazi hizo zimehifadhiwa Nairobi katika makumbusho ya taifa. Ni michoro ya uaminifu. Lakini desturi ya michoro ya elimu ya mimea ni kuliweka ua peke yake juu ya weupe mtupu: shina, jani, ua, mbegu, basi. Hapana udongo, hapana ukuta, hapana jirani. Desturi hiyo ina sababu yake, nayo ni kwamba mwanasayansi wa mbali apate kuutambua mmea popote auonapo. Hasara yake ni kwamba ua lililotengwa na ua wake huwa tayari kuchukuliwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa kiua cha zambarau cha milima ya Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Wajerumani aliyekuwa Tanga, alikipeleka kwao katika miaka ya mwanzo ya 1890. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akakitangaza kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia ya aliyekipeleka. Leo vizalia vyake hukaa katika vyungu kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na wanaovimwagilia maji hawana haja ya kujua Usambara iko wapi, ambako baadhi ya jamaa zake wa asili wamo hatarini kutoweka pamoja na misitu yao. Hakuna aliyesema uongo. Lililoachwa ni ua wake tu.

Ukurasa wa mchanganyiko hauwezi kuuacha ua wake hata ukitaka, na hiyo ndiyo hoja kubwa ya kuutetea. Kipande cha gazeti kina tarehe. Kanga ina mwenyewe. Chai ni ya asubuhi ile. Bila shaka wapo waandaao kurasa za namna hii kwa kuzijaza utepe wa dukani na vimeremeta, hata ua likaonekana bi harusi aliyelemewa na mapambo. Huo ni ulimbwende, na ubandikaji usiotoka mahali petu ni weupe mtupu wa namna nyingine.

Sasa lije pingamizi zito. Buguruni ni mahali pa watu wanaotafuta riziki ya siku kwa siku. Saa mbili za kuchora kongwe ni saa mbili ambazo sketi ya mteja haikushonwa. Nani mwenye haki ya kuliita hilo deni? Jibu la haraka ni kwamba watu wa mtaa huo hawakungoja shibe ndipo wapende uzuri: tazama makopo ya rangi na madebe yaliyopandwa maua mbele ya milango, tazama mama achaguavyo kanga, rangi yake na jina lake, kwa fedha atakayoilipa kidogo kidogo. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi, kwa kuwa debe lina mwenyewe na kanga ina mwenyewe. Kupenda kilicho chetu si ajabu. Kinachobishaniwa ni kukipa muda kisicho cha mtu.

Na pingamizi lina upande mkali zaidi. Jicho lionalo buluu ya kongwe ukingoni mwa mtaro, lisione kwamba mtaro wenyewe umeziba, si jicho makini, limejichagulia. Mvua za Disemba 2011 zilipolijaza bonde la Msimbazi, watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini. Mitaro ya Dar es Salaam si mandhari ya kupendezesha picha. Ikiwa kutazama ni deni, basi hulipwa lote, na mwenye kulipa nusu kwa kuchagua ile nusu nzuri hajalipa. Kwa hiyo fundi, alipomaliza petali ya mwisho, aliokota mtaroni kipande cha mfuko wa rambo, ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Tanzania Bara Juni 2019 na ambayo udongo bado unaitapika, akakiosha, akakibandika chini ya kongwe pale pale kilipokuwa. Ukurasa ukapoteza upole wake. Jirani aliyekuwa akiutazama alimwambia ameuharibu.

Huenda. Lakini deni hilo adaiwa na nani? Si na ua. Kongwe, pamoja na yale maua ya buluu, huweza kutoa maua mengine chini ya ardhi, yasiyofunguka wala kuonwa na nyuki, nayo hujichavusha yenyewe na kuzaa mbegu gizani. Mmea wenye maua ya siri haumngoji mchoraji, wala hautashukuru. Anayedai ni neno. Mtu aliyekaa na kishona nguo saa nzima, akakiachia weupe wake, hawezi tena kutamka "magugu" kwa wepesi ule wa jana. Ulimi wake umepata shahidi. Na atakaposikia mtaa wake mwenyewe ukitajwa kwa neno la mkupuo, atakuwa amekwisha kuzoea kuuliza: lipi? liliota wapi? nani kasema?

Kabla ya adhuhuri kongwe limejifunga. Fundi huandika majina kwa wino, kila moja chini ya mmea wake, na mengine humlazimu aende kuyauliza kwa bibi auzaye mchunga sokoni, maana watoto wa mtaani humjibu "majani" tu. Upande wa kulia wa ukurasa amebakisha nafasi ya kiasi cha kiganja. Ni ya kifauongo kiotacho karibu na reli. Mara mbili amekwenda kukichora, na mara mbili pindo la kanga yake limekigusa kabla hajaketi. Kikajikunja, naye akarudi dukani, ambako sketi ya mteja ilikuwa inamngoja.