Nukta na Uso
Katika tendi za Kiswahili za vita, shujaa hujitaja jina kabla ya kuinua upanga. Usiku wa Machi 27, 1999, huko Serbia, hapakuwa na wa kujitaja. Ndege ya Marekani F-117, iliyoundwa ili rada isiitambue, ilitunguliwa kwa kombora. Kwa Zoltán Dani, kamanda wa kikosi kilichoifyatulia, rubani Dale Zelko alikuwa nukta tu kwenye kioo. Zelko aliruka kwa parachuti, akaokoka. Zaidi ya miaka 10 baadaye walikutana, wakawa marafiki. Je, urafiki huo unakifuta kitendo? La hasha. Unathibitisha kwamba nukta ile ilikuwa mtu tangu awali. Nao raia waliouawa na mabomu ya NATO katika vita hivyo, nani atakutana nao?