Huruma ya Mikono Mitupu

Mvua ya mawe ikipiga Gusii, migomba huumia sana. Majani huchanika, na yale machanga ambayo bado yamejisokota huvunjika. Ndani ya majani hayo yaliyojisokota ndimo hulala popo wa migombani, kiumbe wa gramu 3 au 4, uzito wa sukari ya kijiko kimoja cha chai. Vidole gumba vyake vina vijipedi vya kumwezesha kushika jani lenye utelezi, na jani likishakunjuka huhamia jingine. Usiku hula wadudu, ndizi za mtu hazigusi.

Tuseme basi kijana wa gredi ya saba, upande wa Manga, Nyamira, alimkuta mmoja chini mvua ilipokatika. Mabawa yamejaa tope, mdomo wazi, anatetemeka. Kijana akaingiwa na huruma, akamwokota kwa mkono mtupu. Popo akamng'ata kidole cha shahada. Ilitoka nukta moja tu ya damu, akaifuta kwenye kaptura na kuisahau. Alimtia popo kwenye mkebe wa Kimbo, akamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kifuniko cha soda, kisha akawaita wadogo zake wamshike kwa zamu. Kulipokucha popo alikuwa amekufa, maziwa yamemgandia puani. Akamtupa chooni.

Siku ya tatu mdogo wake akamwaga mtama. Nyanya yao akamwita kijana.

"Alikung'ata?"

"Kidogo tu, Magokoro. Hata hapaonekani."

"Mdharau mwiba, mguu huota tende. Vaa viatu, twende Kisii."

Hospitalini waliulizwa popo mwenyewe yuko wapi. Angepatikana, angepimwa. Kwa kuwa alikuwa shimoni, ilibidi kijana achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa mpaka amalize sindano zote, na wadogo zake wakaguliwe mikono mmoja mmoja.

Kisa hicho ni cha mfano, ila hofu ya nyanya ina msingi. Oktoba 2007, mtalii kutoka Uholanzi alikuwa amepiga kambi Kenya, eneo la Tsavo Magharibi, popo alipomrukia usoni na kumwachia mikwaruzo midogo puani. Mikwaruzo ilisafishwa, chanjo hakupewa. Kabla mwaka haujaisha alifariki kwao kwa virusi vya Duvenhage, ndugu wa virusi vya kichaa cha mbwa. Maradhi haya yakishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Wakati wa kuyazuia ni pale mgonjwa anapojiona mzima.

Popo wengi hawana virusi hivyo. Lakini popo anayekubali kuokotwa mchana ni dhaifu, na kwa macho huwezi kujua kama kilichomwangusha ni mvua au ugonjwa. Kwa hiyo kila popo aliyeanguka chini ashikwe kama mgonjwa.

Kumwokoa hakuhitaji mengi. Vaa glavu nene au mfunike kwa kitambaa kizito, kisha mwingize kwenye katoni yenye vitundu vidogo sana vya hewa, maana yeye hupenya palipo pembamba. Tundika kitambaa ndani ili apate pa kuning'inia. Maji yanamtosha, matone machache kwenye pamba. Maziwa ya ng'ombe humdhuru. Weka katoni mahali pakavu, mbali na watoto, paka na chumba cha kulala. Kama mabawa ni mazima, jioni mwache atoke kutoka mahali palipoinuka, kwa sababu popo wengi huhitaji kujiachia kutoka juu ndipo wapae. Kama bawa limevunjika, toa taarifa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Na aking'ata au kukwaruza, hata kama damu haikutoka, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme wazi kwamba ni popo.

Kijana wa Manga hakukosea kumhurumia popo. Alikosea kudhani huruma inatosha, na kosa hilo lilimponza yeye pamoja na huyo aliyetaka kumwokoa. Mtoto anayefundishwa kupenda wanyama afundishwe pia namna ya kuwashika, na aambiwe mapema kwamba aking'atwa hatachapwa. Anayeogopa fimbo huficha kidonda.