Mtoto wa Wakuja na Sehemu ya Hakimu

Hapa kwetu Chunya ukimwuliza mtu "we kwenu wapi?", kaa kitako kabisa, maana jibu lake ni refu. Dhahabu ilipopatikana Lupa mwaka 1922, na hasa katika ile miaka ya 1930, watu walimiminika huku kutoka kila upande. Wazungu walikuja, Wahindi wakafungua maduka, vibarua wakatoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, Wanyakyusa na Wasafwa wakapanda milima. Babu yangu mzaa baba alikuja kwa miguu kutoka Nyasaland kutafuta kazi ya kuchimba. Alifia hapa hapa, na mimi mjukuu wake leo najiita mwenyeji bila aibu yoyote. Baadaye wakaja Wasukuma na ng'ombe wao. Basi sisi tuliotangulia tukawatazama juu mpaka chini, tukasema: hawa ni wakuja.

Ajabu, sivyo? Mkuja wa jana ndiye anayemwita mwenzake mkuja.

Naanza na maneno haya, ndugu msomaji, kwa sababu nina kosa la kuungama, na kosa lenyewe ni la uandishi. Wewe unayeota kuandika kama mimi, huenda umelifanya pia.

Nilipokuwa kidato cha nne tulitayarisha mchezo wa kuigiza kwa ajili ya mahafali. Aliyeuandika ni mimi. Wakati ule wenzangu walishaanza kuniita Mwandishi, na kichwa kilikuwa kimenivimba kweli kweli. Mchezo ulimhusu mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, na mwishoni hakimu mwanamke anasimama kutoa hukumu. Darasani alikuwapo binti mmoja wa Kisukuma, wazazi wake wafugaji. Alikuwa na sauti inayojaza ukumbi bila kupiga kelele, na ukimpa kurasa nne jioni, asubuhi anazo zote kichwani. Akanifuata, akaniomba sehemu ya hakimu. Mimi nikampa sehemu ya hausigeli.

Kwa nini? Kwa sababu ya namna anavyotamka Kiswahili. Nilijua akifungua mdomo tu ukumbi utacheka, na mimi nilitaka ukumbi ucheke. Nikamwambia wazi wazi, "Hakimu akiongea hivyo watu watacheka."

Akanijibu, "We Mwandishi, watacheka mwanzo tu. Nipe muda, watanyamaza."

Sikumpa muda.

Siku ya mahafali alicheza uhausigeli wake na ukumbi ukapasuka. Kila akisema neno, vijana wa nyuma wanaitikia kwa kelele, "Wabeja! Wabeja sana!" Nilikuwa nimesimama kando ya pazia natabasamu, nikidhani huo ndio ushindi wa fasihi. Kisha nikatupa macho upande wa wazazi. Mama yake alikuwa amekaa na khanga mpya, mikono magotini. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka isipokuwa yeye. Wala hakuonyesha hasira. Alimtazama mwanawe, kisha akawatazama watu, kisha akamtazama tena mwanawe, kama mtu anayetaka kuelewa mtoto wake amewakosea nini.

Sasa sikiliza kinachoniuma zaidi. Siku ile ile, katika igizo jingine, kijana wa Kinyakyusa alikuwa Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898 ili asitiwe mikononi mwa Wajerumani. Ndevu zake zilikuwa za mkaa. Hakuna aliyesema, "Mbona huyu si Mhehe? Mbona anatamka Kinyakyusa?" Alipoanguka kwa risasi, akina mama walishika vifua. Kwa maana hiyo ukumbi wetu haukupungukiwa uwezo wa kuamini. Tulikuwa tayari kuamini kwamba mkaa ni ndevu. Ila kuamini kwamba Msukuma ni hakimu, hapo tulishindwa. Yaani mimi nilishindwa, kwa niaba ya watu wote, kabla hata hawajaulizwa.

Miaka ilipita. Nikawa nauza vipuri vya pikipiki mchana na kuandika riwaya yangu usiku. Siku moja nikasoma habari za mwigizaji mmoja, Sudha Bhuchar, na jambo lile la mahafali likanirudia lote.

Mama huyu alizaliwa hapa hapa Tanzania katika familia yenye asili ya Kihindi, akakulia India na Uingereza. Kwa hiyo kwao walikuwa wakuja kwetu, halafu yeye akawa mkuja kwa Waingereza. Katika sanaa alipitia kikundi kiitwacho Tara Arts, kilichoanza London mwaka 1977. Kikundi hicho nacho kina harufu ya kwetu. Mmoja wa waanzilishi wake, Jatinder Verma, alizaliwa Dar es Salaam, akakulia Nairobi, akaingia Uingereza mwaka 1968, wakati Wahindi wa Kenya walipokuwa wakiondoka kwa maelfu. Yeye na wenzake walianzisha kikundi baada ya kijana wa Kisingasinga, Gurdip Singh Chaggar, kuuawa kwa kisu mtaani Southall mwaka 1976. Vijana wale waliamua kwamba jibu lao moja litatoka jukwaani.

Mwaka 1989 Sudha Bhuchar na mwongozaji Kristine Landon-Smith wakaanzisha kikundi chao wenyewe. Unajua walikiita nani? Tamasha! Neno tunalolitumia hapa kila siku, Wahindi nao wanalo, Waajemi nao wanalo. Neno hilo limevuka bahari mara nyingi, na hakuna ofisa aliyelisimamisha bandarini kuliuliza kwao ni wapi. Laiti binadamu naye angepita hivyo.

Mchezo wao wa kwanza ulitokana na Untouchable, riwaya ya Mulk Raj Anand ya mwaka 1935. Ni habari ya siku moja katika maisha ya kijana msafisha vyoo, ambaye watu wa tabaka la juu hawataki hata awaguse. Angalia walichokichagua. Wangeweza kuanza na mfalme na malkia ili wawaonyeshe Waingereza kwamba Wahindi nao ni watu wakubwa. Wao walianza na msafisha vyoo, wakamweka katikati ya jukwaa, kitovu cha hadithi, naye ana fikra, ana hasira, ana ndoto. Kumbe kazi ya chini si tusi jukwaani. Hausigeli wangu naye hakuwa tusi kwa kuwa ni hausigeli. Tusi lilikuwa kwamba sikumwandikia hata wazo moja la kwake. Nilimwandikia lafudhi tu.

Mwaka 1996 kikundi kilishirikiana na jumba la Birmingham Repertory na lile la Royal Court kutoa East is East, mchezo wa Ayub Khan Din. Birmingham ni mkoani, kama unavyosema Mbeya ukilinganisha na Dar. Mchezo wenyewe ni habari za Mpakistani mwenye duka la chipsi, mke wake Mwingereza, na watoto wao wanaovutwa huku na huku. Watu walicheka sana, na mwaka 1999 ukawa filamu. Kwa hiyo nisije nikaeleweka vibaya kwamba kicheko ni dhambi. Pale aliyetunga kichekesho alikuwa mtoto wa nyumba kama ile ile, baba Mpakistani na mama Mwingereza. Alijua ni wapi watu wacheke na ni wapi kicheko kiwakwame kooni. Mimi nilichukua ulimi wa mtu mwingine nikauuza kwa makofi yangu mwenyewe.

Hapa ndipo lilipo swali lililonifanya nishike kalamu. Je, mtoto wa wakuja akiingia jukwaani, haki yake ni ipi? Acheze watu wa kwao, au acheze mtu yeyote?

Wako wanaosema mwigizaji ni mwigizaji, mpe sehemu yoyote. Hoja hii ni tamu. Kuigiza maana yake ni kuwa mtu ambaye si wewe. Tukisema kila mtu aigize kabila lake, basi tufunge majukwaa, kila mtu akakae kwao ajitazame kwenye kioo.

Wengine wanasema hapana, asiyelala njaa hajui habari za njaa. Mwacheni mtoto wa wakuja aseme ya wakuja, maana asiposema yeye watasema wengine, na watasema uongo. Hoja hii nayo ina uzito, na mimi ni shahidi: niliyemsemea yule binti nilisema uongo.

Sudha Bhuchar, nikiitazama kazi yake, hakukubali kuchagua moja. Ameigiza, ameandika, ameongoza kikundi. Tamthilia yake My Name Is..., iliyotolewa mwaka 2014, ilihusu familia ya kweli, baba Mpakistani na mama Mskoti, ambayo magazeti yalikuwa yameigeuza sinema ya mwema na mbaya. Yeye aliwasikiliza baba, mama na binti, kila mmoja kwa wakati wake, kisha akatunga mchezo kutokana na maneno yao. Ukimtafuta katika filamu ya Mary Poppins Returns ya mwaka 2018, utamwona humo pia, katika hadithi ya Kiingereza kabisa. Mtu mmoja, milango yote miwili.

Lakini ngoja. Kuna mzee mmoja hapa mtaani, fundi saa, nilimweleza habari hizi akaniuliza swali lililoninyima usingizi. "Huyo mama akishajenga nyumba yake, wale wenye nyumba kubwa si watasema sasa ana kwake, asitusumbue?" Ni kweli, hatari hiyo ipo. Wasukuma wakianzisha kikundi chao cha maigizo hapa Chunya, mimi na wenzangu tutapiga makofi, halafu tutaendelea kuwapa mahakimu wetu lafudhi zetu. Kujenga kwako kunakuokoa wewe, hakumsamehe aliyekufungia mlango.

Ndiyo maana nimefika mahali pa kuona kwamba swali lenyewe tunaliuliza vibaya. Tunamwuliza mtoto wa wakuja, "We utacheza nini?" Mbona hatumwulizi anayegawa sehemu? Mwandishi, mwongozaji, mwalimu wa mchezo, ndio wenye deni. Na kisingizio chao ni kile kile nilichokitumia mimi: watu watacheka, watazamaji hawako tayari. Katika tamthilia ile ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, yumo Shylock, Myahudi, mgeni katikati ya wenyeji. Kwa miaka mingi waigizaji walimfanya kichekesho au shetani. Mwaka 1814 Edmund Kean akapanda jukwaani London akamcheza kama binadamu aliyeumizwa. Maneno yalikuwa yale yale. Watazamaji waliokuwa "hawako tayari" wakatulia, wakatazama, wakamshangilia. Nipe muda, watanyamaza.

Mwaka jana nilikwenda mnadani Makongolosi. Nikamwona yule binti, sasa mama wa watoto wawili, anauza mchele. Tukasalimiana. Nikajikaza, nikamwambia kwamba ile sehemu ilikuwa yake na nilimnyima. Alicheka kidogo. Akasema, "Mbona niliikariri? Nilikariri zote mbili." Halafu pale pale, mkono mmoja umeshika kibaba, akanisomea hukumu ya yule hakimu, kwa lafudhi yake, taratibu. Maneno yangu mwenyewe, na nilikuwa sijawahi kuyasikia hivyo. Kabla hajamaliza mteja akauliza bei, akamgeukia kumpimia.

Sijui kama nilisamehewa, maana hakusema, na mimi sikuwa na haki ya kudai. Nilinunua kilo mbili nikarudi nyumbani.

Ndugu zangu wanaoandika, sina mafundisho makubwa. Dunia hii kila mtu kwao ni kwa kupita, hata babu zetu walikuja. Leo usiku utafungua daftari lako na humo kutakuwa na mjane, na shamba, na mahakama. Kabla hujaandika jina la hakimu, jiulize umemnyima nani.